Kalibu Nyumbani

Vumbi alikoroga saruji kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umepasuka tena. Siku kadhaa alikuwa hajavaa glavu, na mtu anayeshika saruji bila glavu ama ni mgeni wa kazi hiyo, ama kuna jambo linamla rohoni. Yeye hakuwa mgeni. Mwaka wa tatu huu alikuwa akitengeneza visahani vya zege vya kuwekea vikombe na glasi, pale pale uani kwa shangazi yake, juu ya meza ya zamani ya kupigia pasi. Alichekecha mchanga mpaka ukawa laini, akachanganya na saruji nyeupe, akatia maji kidogo kidogo, akamimina kwenye kalibu za mpira zinazolipa zege umbo la kisahani, kisha akagonga meza kwa ngumi ili vipovu vipande juu na kupasuka.

Leo alikuwa anagonga meza kama inayomdai.

"We mtoto, hiyo meza imekukosea nini?" shangazi yake aliuliza kutoka kwenye cherehani. "Na huo uji wako mwepesi. Vitatoka na matundu."

"Vitoke tu, shangazi."

"Vitoke tu? Wewe uliyenitupia visahani ishirini jalalani kwa sababu ya nukta moja?" Shangazi akasimamisha cherehani. "Njoo hapa. Mama wa mwenzio amefariki. Amezikwa. Umepata habari jana, tena dukani kwa muuza saruji, kama mtu baki. Na bado upo hapa unakoroga!"

"Hapokei simu yangu. Siku ya kumi na tatu leo. Karakana ameifunga."

"Simu hapokei. Mlango je, umeugonga?"

Vumbi akagonga meza tena. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima ulimwita Vumbi, na aliyeanzisha jina hilo ndiye huyo huyo aliyekuwa akimnyima usingizi. Alikuwa seremala. Walikutana alipompelekea kisahani kimoja cha duara na kumwomba amchongee umbo la kutengenezea kalibu mpya. Seremala akakigeuza kile kisahani mkononi, akampulizia unga mweupe uliokuwa kwenye nyusi zake, akasema, "Wewe ni mtu au ni vumbi?" Mwaka na nusu baadaye Vumbi alikuwa bado anaisikia pumzi ile usoni.

Yule bwana alikuwa na kasoro moja iliyomchekesha Vumbi mpaka machozi. Ulimi wake haukujua tofauti ya *r* na *l*. Roho kwake ilikuwa loho, saruji ilikuwa saluji, na alipomnong'oneza Vumbi kwamba anampenda mala elfu, Vumbi alicheka huku moyo ukimyeyuka. Aliandika vile vile alivyosema. Sitayaandika maneno yake yote kama alivyoyatamka, msije mkacheka pasipo pa kucheka. Ila jueni kwamba ndivyo alivyokuwa.

Nyumbani kwao hakuwahi kumpeleka. Mama yake alikuwa mgonjwa wa moyo, na dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, alishasema wazi kwamba mdogo wake hataoa "msichana wa kuchezea udongo." Vumbi alimwambia Seremala, "Siku nikija kwa mama sitakuja mikono mitupu. Nichongee kalibu ya ua, lenye petali sita. Nitamfanyia visahani vyake mwenyewe." Naye Seremala akaahidi kuichonga nyumbani, jioni, akiwa karibu na kitanda cha mama yake.

Wiki mbili zilizopita ukaingia ujumbe kwenye simu ya Vumbi: *Kalibu nyumbani kesho saa nane. Mama yupo.*

Vumbi alirukaruka uani. Kalibu imekwisha! Iko nyumbani, mama yupo, atamkabidhi atakayeifuata. Akajibu: *Asante mpenzi. Kesho saa nane kamili.* Kesho yake, mikono ikiwa imejaa zege la oda ya mkahawa, akamwelekeza kijana wa pikipiki aliyekuwa akimchukulia mizigo yake siku zote. Kijana akarudi mikono mitupu. "Yule mama kasema hakuna mzigo." Vumbi akapiga simu ya Seremala, ikawa imezimwa. Tangu saa ile hakuwahi kuisikia tena sauti yake.

Kalibu ya ua haikuja. Kwa hiyo alichukua kipande cha lesi kutoka kwenye vitambaa vya shangazi, akakilaza ndani ya kalibu ya kawaida, akamimina zege juu yake. Vilipotoka, visahani sita vilikuwa na alama za lesi usoni, nyembamba kama mishipa. Alivilaza majini siku saba vikomae, akavipiga msasa, akavipaka vanishi, akabandika chini yake vipande vya mpira wa ndala kuukuu visikwaruze meza. Vilikuwa vizuri kuliko chochote alichowahi kutengeneza, na aliyekuwa apewe alikuwa amefariki.

"Nawa mikono," shangazi alimwambia. "Nenda."

*

Geti la bluu lilikuwa wazi nusu. Uani kulikuwa na viti vya kukodi vimepangwa kimoja juu ya kingine, vikisubiri kurudishwa. Vumbi alisimama mlangoni na bahasha ya vile visahani sita kifuani.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi... mtu wa Seremala."

Mwanamke mrefu, macho mekundu, akatokea akijifuta mikono kwenye kanga. Hakumtazama usoni. Alitazama mikono, ile mipasuko, zile kucha zenye rangi ya kijivu.

"Mikono hiyo naijua kwa kusimuliwa," alisema yule dada, Mwalimu. "Umekuja kuchukua mzigo?"

"Nimekuja kutoa pole, dada."

"Pole!" Akageuka ndani akapaza sauti. "Njoo umwone! Kaja mwenyewe leo. Leo hakumtuma mtu."

Seremala akatoka chumba cha ndani. Vumbi alimtazama, na yote aliyokuwa amejipangia njiani kuyasema yakamtoka. Mtu alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimeota ovyo, shati lilikuwa la juzi. Macho yao yalikutana, na kwa muda mfupi sana Vumbi aliona kile alichokuwa akikitafuta siku zote kumi na tatu. Bado anampenda. Hilo halikuwa na shaka hata kidogo, na ndilo lililofanya mengine yawe mabaya zaidi.

"Pole, mpenzi," alisema.

"Usiniite hivyo."

"Sikujua. Wallahi nimejua jana. Kwa nini hukuniambia mama amezidiwa? Kwa nini hupokei simu?"

"Nikupokee nikuambie nini, Vumbi?" Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Kaa hapo. Hapana, si kile. Kile ni cha mama."

Vumbi akarudi nyuma kama aliyegusa moto. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mikono, kimetazama mlango. Akabaki amesimama.

"Siku ile," Seremala akaanza, "daktari alikuwa amemkataza kukaa. Alale tu. Lakini akaniambia, mwanangu, nataka kumwona huyo binti kabla sijaondoka. Tena usiwepo, na simu uzime, nataka kuongea naye sisi wawili, wanawake. Dada yangu hakutaka. Aligomba. Mama akamnyamazisha."

"Nilimsuka mimi," Mwalimu alidakia. "Mimi niliyekuwa sikutaki! Akaniambia, nisuke vizuri, mkwe wangu asije akadhani nimeshakufa. Akavaa gauni ambalo hakuwahi kulivaa tangu baba afariki. Nikamkalisha hapo saa saba na nusu. Nikaweka chai kwenye chupa. Kila pikipiki ikipita anajishika nywele."

Vumbi alikitazama kile kiti. "Mkwe," alinong'ona.

"Saa nane ikafika," Mwalimu aliendelea, na sasa machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyajali. "Akaingia mtu na kofia yake ya pikipiki kichwani, hata hakuivua. Anasema, shikamoo mama, nimetumwa na Vumbi, nichukue mzigo. Unajua mama alisemaje? Alicheka. Akasema, 'Kumbe mzigo ndio mimi.' Akamwambia hakuna mzigo hapa, baba, nenda. Nikamwambia mama, twende ukalale. Akakataa. Akasema labda amechelewa, labda atakuja mwenyewe. Alikaa mpaka saa kumi na mbili, mwanamke wewe. Saa nne nzima na moyo ule! Usiku tukamkimbiza hospitali. Hakurudi tena kwenye nyumba hii akiwa hai."

Vumbi akahesabu nyuma: pikipiki, mzigo, saa nane. Ule ujumbe. Kuna kitu kwenye ule ujumbe.

"Subirini," alisema. "Kuna... Mimi niliambiwa..."

"Uliambiwa nini?" Seremala akatoa simu mfukoni. Alikuwa ameuangalia ule ujumbe mara nyingi, ilionekana, maana hakutafuta, uliibuka wenyewe. Akamsogezea Vumbi usoni, akausoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata maneno. "Kalibu nyumbani kesho saa nane. Mama yupo. Na wewe ukajibu, asante mpenzi, kesho saa nane kamili. Kuna neno gumu hapo, Vumbi? Nimekukalibisha kwetu. Kuna neno gani hukulielewa?"

Vumbi aliliona.

Kosa lilikuwa la herufi moja. Lilikuwa pale chini ya kidole cha Seremala mwenyewe, amelisoma kwa ulimi wake mwenyewe, na hakulisikia. Kwake yeye lilikuwa neno moja, la kumkaribisha mtu na la kumiminia zege, tangu utotoni mpaka leo. Angeweza kulisoma mara mia na asilione. Wala Vumbi hakuliona, yeye aliyeicheka *l* ile mwaka na nusu, kwa sababu siku ile alikuwa akingoja kalibu.

Furaha mbaya ikampanda kifuani. Hana kosa! Angeweka kidole chake juu ya herufi ile, aseme, tazama, mpenzi, tazama ulichoandika, na mambo yangeisha. Dada angenyamaza. Seremala angepiga magoti. Mikono ile ingemshika tena, na yeye angelia kwenye shati lile la juzi mpaka achoke. Alifungua mdomo.

"Nakuuliza," Seremala akasema kabla hajatamka, na sauti ikamkatika, "kwa sababu kuna kitu kimoja tu kinachonifanya niamke asubuhi. Sikuwepo siku ile. Sikumpeleka hospitali mimi, alimpeleka dada. Sikumshika mkono alipokata roho, nilikuwa naenda kutafuta dawa. Yote nimeyakosa. Lakini mama aliniomba jambo moja maishani mwake, nikuite uje, na nilikuita. Hilo nililifanya sawasawa. Nikilala nalikumbuka hilo. Basi niambie. Kwa nini hukuja?"

Vumbi akaufunga mdomo.

Alimwangalia mwanamume huyu aliyekuwa akimpenda kuliko pumzi yake. Aliona kucha zake zenye gundi ya mbao, aliona mfupa wa shingo uliokuwa ukipanda na kushuka. Akaona pia miaka yake yote ya mbele, kila asubuhi akiamka na herufi ile, kila mtu atakayemwambia karibu akimkumbusha. Angempata, ndiyo. Angempata akiwa amevunjika, na aliyemvunja angekuwa yeye.

"Nilikuwa na kazi," alisema.

"Kazi gani?"

"Oda. Ya mkahawa. Visahani."

Seremala alimtazama kana kwamba amezungumza lugha ngeni. "Visahani."

"Zege lilikuwa limeshakorogwa. Nikasema nitakuja siku nyingine."

Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa uongo. Vumbi hakujua kwamba mtu anaweza kusimama wima huku anajichinja mwenyewe. Machozi yalimlenga, akayazuia kwa nguvu, maana mtu mwenye dharau halii.

"Siku nyingine," Seremala alirudia. Halafu akakaa chini sakafuni, polepole, mgongo ukiegemea ukuta, akafunika uso. "Nilikuwa naomba Mungu uwe uliumwa," alisema ndani ya viganja. "Nilikuwa naomba uwe uligongwa na gari. Unaona nilivyokuwa nakupenda? Nilikuombea ajali ili nisikuchukie."

"Ondoka," Mwalimu alisema. "Ondoka kabla sijafanya jambo." Akainama akamnyang'anya mdogo wake simu. "Na wewe acha kusoma uchafu huu kila saa. Lete niufute, mama apumzike."

Akaushika ule ujumbe mbele ya macho yake mekundu, kidole kikiwa tayari.

Kidole hakikushuka.

Mwalimu huyu alikuwa na miaka kumi na tisa ya kusahihisha imla. Ulimi wake mwenyewe ulikuwa umenyooshwa chuoni kwa aibu na fimbo, na tangu hapo jicho lake halikupitwa na *r* wala *l* katika daftari la mtoto yeyote. Vumbi alimwona akisoma. Alimwona akisoma mara ya pili. Kisha Mwalimu aliinua macho yakatua kwenye mikono ile iliyopasuka na saruji, yakapanda mpaka usoni, na rangi ikamtoka.

"Umeufuta?" Seremala aliuliza bila kuinua uso.

Mwalimu aliutazama tena ule ujumbe.

"Nimeufuta," alisema, na ndipo akabonyeza.

*

Walitembea mpaka getini. Mwalimu alitembea mbele, kanga ikiburuza upande mmoja. Walipofika akageuka.

"Ulidhani ni kalibu ya zege."

Vumbi akaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa akichonga kitu pale kitandani kwa mama. Ua. Nilidhani ni la kabati."

"Lilikuwa la mama," Vumbi alisema. "Nilitaka nimfanyie visahani. Nisije mikono mitupu."

Mwalimu akafumba macho. Alishika geti kwa mikono miwili. "Uliona pale ndani alipokusomea. Niliona umeona, sikujua umeona nini. Mbona hukusema?"

"Ulimsikia alivyosema. Ana kitu kimoja tu."

"Naweza kurudi sasa hivi nimwambie. Haki yako, nitamwambia."

"Mwambie."

Kutoka ndani walimsikia Seremala akilia, kilio kile cha mwanamume ambaye hajazoea, kinachokatikakatika. Mwalimu alisikiliza, na Vumbi alisikiliza, na hakuna kati yao aliyepiga hatua.

"Hatainuka," Mwalimu alisema hatimaye. "Namjua tangu namfunga nepi. Akijua hili hatainuka."

"Najua."

"Atakuchukia. Ataoa mwingine atakuchukia bado. Atawasimulia watoto wake habari zako."

"Nimesema najua, dada!" Na hapo ndipo machozi yalipomshinda Vumbi. Akalia bila kujifunika. Alimpenda. Alikuwa tayari kumpikia, kumzalia, kumsaidia kubeba mbao, kuzeeka naye. Alikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa hili, na hili ndilo lililokuwa limetakiwa. Akatoa simu yake, akautafuta ule ujumbe kupitia ukungu wa machozi, akamwonyesha Mwalimu, akaufuta. Hakuna shahidi tena duniani isipokuwa wao wawili.

Mwalimu alimnyang'anya ile bahasha kifuani, akaifungua, akatazama visahani sita vyenye alama ya lesi. Akavifunga tena kwa uangalifu, akavificha ndani ya kanga yake, chini ya kwapa.

"Nitavipeleka kaburini kwa mama," alisema. "Kesho, alfajiri, mdogo wangu akiwa amelala. Nitamwambia mama vimetoka kwa nani. Na kwa nini hukuja nitamwambia."

Vumbi aliigusa kanga pale vilipofichwa.

"Ameondoka?" Sauti ya Seremala ilitoka ndani, imekauka.

Mwalimu akamshika Vumbi kichwa kwa mkono ulio huru, akamvuta, akaweka midomo sikioni pake.

"Nenda salama, wifi yangu," alisema.

Kisha akamsukuma nje, akafunga geti, akasukuma komeo mpaka mwisho.

"Ameondoka," alijibu kwa sauti kubwa. "Na asikanyage tena hapa."